Notari Alisoma Mara Mbili

Jumatatu, tarehe 2 Februari. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa mzito, baridi ilishuka chini ya sifuri, na ngazi za kanisa zilikuwa zimeshika barafu nyembamba ya kuvunja watu viuno.

Ni sikukuu ya Kutolewa Bwana Hekaluni, siku ambayo mishumaa hubarikiwa. Kwa mtengeneza mishumaa kama mimi, hakuna siku kubwa kuliko hiyo. Na ndiyo siku ambayo shemeji yangu Ottmar aliichagua kunipeleka kwa notari, mwanasheria wa kuthibitisha mikataba.

"Ni siku ya jadi, Burgl," aliniambia. "Zamani hapa Bavaria, leo ndiyo siku mfanyakazi alifunga kisanduku chake akaenda kwa bosi mpya."

"Na bosi mpya ni nani?"

Alicheka. Mimi sikucheka.

Kwa aliyekosa wiki zilizopita: mimi ni Walburga Reindl, mjane wa Korbinian. Nina karakana ya mishumaa nyuma ya kanisa la hija, na wanawake wanne wanapata riziki yao humo. Mwaka jana duka kubwa lililokuwa likinunua nusu ya mishumaa yangu lilifungwa. Kisha theluji ikaangusha kipande cha paa. Kisha nikateguka mkono, tena wa kulia, ule wa kumiminia nta.

Hapo ndipo Ottmar, mdogo wa marehemu mume wangu, alipotokea na koti lake la sufi ya ngamia na neno moja mdomoni: kampuni. Kampuni yenye dhima ya kikomo, ile ambayo ikianguka inaanguka peke yake, na kitanda chako hakiguswi. Tuwe watatu: yeye, mimi, na mdogo wangu Afra. Yeye awe mkurugenzi. Mimi nitoe karakana, jengo na kiwanja chake, viwe mali ya kampuni.

Nilisali novena. Siku ya tisa nikakubali.

Msidhani nilikubali kwa sababu nilimheshimu. Ottmar ni mtu wa kununua viatu vya bei mbaya halafu akaogopa kuvikanyagia theluji. Nilikubali kwa sababu paa lilikuwa linavuja, na nilikuwa nimechoka kuomba peke yangu.

Nilipotoka misani nikamkuta ameegesha mbele ya lango. Alikuwa amekuja na gari la karakana, lile la kijani. Ubavuni limeandikwa kwa herufi za dhahabu, kubwa za kusomeka kutoka ng'ambo ya mto: NURU YA REINDL. Na chini yake, neno KAMPUNI.

"Shemeji," nikamwambia, "kampuni haijaandikishwa."

"Itakuwa imeandikishwa kabla rangi haijakauka."

Niligusa kwa kidole. "Imeshakauka."

"Basi serikali ndiyo imechelewa."

Kutoka kiti cha nyuma nikamsikia Afra akicheka. Afra hucheka kila Ottmar akifungua mdomo, hata akiwa anaomba chumvi. Ana miaka hamsini na nne, hajaolewa, anaishi peke yake katika nyumba ndogo aliyoachiwa na mama yetu. Ni mtu mwema kuliko mimi. Lakini mbele ya Ottmar akili yake hufungasha ikaondoka.

"Haya dada, ingia," akasema. "Ottmar ameweka meza kwenye mkahawa. Soseji nyeupe na bia, tusherehekee."

"Tukimaliza mapema," Ottmar akaongeza. "Soseji nyeupe haziliwi baada ya kengele ya saa sita, mnajua wenyewe. Lakini kwa notari ni robo saa tu. Unasaini, unashikana mikono, unatoka ukiwa mtu mwingine."

Nikajiuliza moyoni ni mtu gani mwingine huyo, na kama ataweza kulala usiku.

*

Notari wetu ni Bi Hufnagl, mwanamke mwembamba mwenye miwani ya kamba. Sijawahi kumwona akitabasamu, na sidhani kama Mungu amemwona. Alitukalisha mezani, akakagua vitambulisho vyetu kama vya wahalifu, kisha akafungua mkataba.

"Nitausoma," akasema.

"Hakuna haja," akasema Ottmar. "Nakala zilikuja nyumbani, na sisi ni ndugu."

"Bwana Reindl, mkataba wa kampuni katika nchi hii haufungwi kwa kusaini tu. Nisiposoma kila neno mbele yenu, kwa sauti, hakuna mkataba. Hizo nakala mlizisoma?"

Afra akamtazama Ottmar. Ottmar akatazama saa.

Mimi nikanyoosha mkono.

Ni mazoea. Tangu Korbinian afariki ninasoma darasa la jioni, Jumanne na Alhamisi, hesabu na sheria ndogondogo za biashara, pamoja na vijana wa umri wa kuwazaa. Ukitaka kusema, unanyoosha mkono.

"Teremsha mkono, Burgl," Ottmar akacheka. "Hapa si ile chekechea yako ya wajane."

Afra naye akacheka. Nikateremsha mkono. Uso uliniwaka, na ndani ya uso huo, nikiri mapema, ulianza kupikwa uchungu ambao ungenigharimu kabla ya siku kuisha.

Bi Hufnagl akasoma. Alisoma kwa sauti ya aina moja, bila kupanda wala kushuka, kifungu baada ya kifungu. Jina la kampuni. Mahali ilipo. Kazi yake. Nilijikuta nikijibu "utuombee" kimoyomoyo mwisho wa kila kifungu, kama kwenye litania. Ottmar alikuwa akibonyeza simu yake chini ya meza. Afra alikuwa akitikisa kichwa kukubali kila kitu, hata tarehe.

Kisha notari akaacha kusoma, akavua miwani.

"Sasa, Bwana Ottmar Reindl, hapa ni wewe peke yako. Mkurugenzi lazima atamke mbele yangu kwamba katika miaka mitano iliyopita hajahukumiwa kwa kosa la kufilisi kampuni, wala la kuchelewa kutangaza kwamba kampuni imefilisika, wala la udanganyifu wa aina hiyo. Na ninawajibika kukuonya: ukitamka uongo, hilo lenyewe ni kosa la jinai, na mahakama inaruhusiwa kuuliza popote."

Ottmar akaiweka simu chini.

Niliwahi kumwona Ottmar akimdanganya padre. Nimemwona akimdanganya daktari aliyekuwa na picha za mapafu yake mkononi. Sikudhani kuna mtu ambaye angeshindwa kumdanganya. Kumbe ujasiri wake ni wa mbele ya watu wanaomwonea haya. Mbele ya muhuri wa serikali aligeuka rangi ya nta.

"Naomba mapumziko," akasema. "Kahawa kidogo."

*

Kwenye korido palikuwa na meza yenye kahawa na maandazi ya jamu, yale ya msimu wa kanivali. Ottmar alinishika kiwiko, akanisogeza pembeni. Sauti yake ilikuwa tamu kuliko jamu.

"Burgl, nimefikiri. Wewe ndiye uwe mkurugenzi."

"Mimi?"

"Wewe. Mapadre wanakupenda. Umesoma. Jina lako ni safi."

Dakika ishirini nyuma nilikuwa mtoto wa chekechea.

"Jina langu ni safi," nikasema. "Lako je?"

"Lako linang'aa zaidi."

"Ottmar, ulihukumiwa?"

Alichukua andazi, akaligeuzageuza. "Kuhukumiwa ni neno kubwa. Nilitozwa faini."

"Kwa kosa gani?"

"Kuchelewa."

"Kuchelewa nini?"

"Kusema."

"Kusema nini, mwanamume wewe?"

"Kwamba kampuni yangu ya vioo ilikuwa imekufa."

Mnakumbuka ile kampuni ya vyumba vya vioo vya bustanini? Yeye mwenyewe alituambia aliiuza. Kumbe iliozea mikononi mwake, na mafundi wake walipiga kazi miezi kadhaa bila mshahara huku yeye akiwaambia kwamba wateja wanakaribia kulipa. Alikiri hayo yote huku akiuma andazi. Sukari ya unga ilimdondokea kwenye koti, naye alishtukia sukari kuliko maneno aliyosema.

"Wewe si mfanyabiashara," nikamwambia. "Wewe ni kupe mwenye tai."

"Dada!" Afra alikuwa nyuma yetu. "Usimwite hivyo."

"Umesikia alichosema?"

"Nimesikia."

"Na hushangai?"

Mdogo wangu akainamisha macho. "Aliniambia Krismasi. Alilia, dada. Hukumwona alivyolia."

Basi alijua. Tangu Krismasi alikuwa akija jikoni kwangu, anakula mkate wangu, ananihimiza nitoe karakana iwe ya kampuni, naye anajua. Nilichukua kitambaa changu cha kichwa nikakifunga.

"Twende zetu, Afra. Tupande basi la saa tano."

Hakusogea.

"Twende!"

"Hatuwezi, dada. Mashine imeshatoka Italia."

"Mashine gani?"

"Ya kumimina nta. Kubwa. Inafanya kazi ya watu kumi."

"Nani kaiagiza?"

"Kampuni."

"Kampuni ipi?"

"Yetu."

"Afra, kampuni yetu haipo! Iko mle ndani, nusu imesomwa, nusu inanywa kahawa!"

"Ottmar alisema ukiandika kwamba kampuni bado inaundwa inatosha."

"Na nani alisaini?"

Hapo akainua kidevu. Mwenyezi Mungu anisamehe, alikuwa anajivuna. "Mimi. Mimi ni meneja wa ununuzi. Nina kadi."

Akanionyesha. Kadi nzuri nyeupe, yenye mshumaa wa dhahabu na jina lake. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kuona jina lake limechapwa mahali pasipo kwenye bili.

*

Tulirudi ndani. Nikanyoosha mkono, safari hii bila aibu.

"Bi Hufnagl, mtu akisaini kuagiza mashine kwa jina la kampuni ambayo bado haijaandikishwa, anadaiwa nani?"

"Aliyesaini."

"Si kampuni?" Afra akauliza.

"Kampuni ambayo haijaandikishwa haina mfuko. Kuna aliyeshika kalamu."

"Mimi?"

"Ikiwa ni wewe, basi ni wewe. Kwa mali yako yote."

"Yote ni nyumba tu," Afra akasema polepole.

"Basi nyumba. Isipokuwa kampuni iundwe, iandikishwe, na iubebe mkataba huo. Hapo unaachiliwa."

Afra aliilaza kadi yake mezani. Niliitazama mikono yake juu ya meza, mikono ya mama yetu kabisa, nikamgeukia Ottmar nikitegemea kuona aibu.

Alikuwa anatabasamu.

"Unaona, shemeji?" akasema. "Njia ni moja tu. Wewe mkurugenzi, karakana ndani, sote watatu tunasaini, na Afra yuko salama. Tena tunawahi soseji."

Ndipo nikaelewa. Yule hakukosea. Angeweza kuisaini mashine mwenyewe. Alimpa Afra kalamu kwa sababu alijua kwamba mimi, kwa ajili ya Ottmar, nisingetoa hata utambi, lakini kwa ajili ya Afra ningetoa karakana.

Niliomba dakika chache. Nikasimama dirishani kwenye korido nikasali fungu moja la rozari. Sikusikia sauti yoyote ya mbinguni. Nilimsikia Ottmar upande wa pili wa mlango akipiga simu mkahawani: "Ndiyo, watatu. Msiziondoe kwenye maji. Na haradali tamu iwe ya kutosha."

Sijui kama Mungu hutumia haradali. Lakini nilipofika "sasa na saa ya kufa kwetu", kichwa kilikuwa kimetulia kama maji.

Nikaingia.

"Nakubali kuwa mkurugenzi," nikasema.

"Mungu mkubwa!" Ottmar akapiga meza.

"Subiri. Karakana haiingii. Inabaki yangu, kampuni itanilipa pango kama mpangaji yeyote. Fedha za kuanzia nitatoa mimi, zile nilizoweka kwa ajili ya paa, na Afra ataongeza alichonacho. Mashine kampuni itaibeba. Wenye kampuni ni wawili, mimi na mdogo wangu, nusu kwa nusu. Bi Hufnagl, sheria inaruhusu?"

"Inaruhusu."

"Wawili?" Ottmar akauliza. "Na mimi?"

"Wewe umeleta nini, shemeji?"

"Wazo!"

"Na fedha?"

"Nilisema nitalipa baadaye."

"Basi na hisa utapata baadaye."

Karani wa Bi Hufnagl, kijana mmoja mwenye ndevu aliyekuwa kwenye kompyuta pale pembeni, alikohoa ili asicheke. Na mimi nilimsikia, na nilifurahi. Nilifurahi hadi mate yakanijaa mdomoni.

"Huo ni mkataba mwingine," akasema Bi Hufnagl. "Karani atauandika upya. Nami nitausoma tangu mwanzo."

"Wote?" Ottmar akauliza.

"Kila neno."

"Lakini ni karibu saa tano na nusu!"

"Saa ninayo, Bwana Reindl."

*

Laiti ningenyamaza hapo.

Nimeshakwenda kuungama, na padre ameniuliza swali jepesi: ulikuwa umeshashinda, uliendelea kwa nini? Nawaandikia ninyi kile kile nilichomwambia yeye. Niliendelea kwa sababu ilikuwa tamu.

Karani anapiga herufi zake, sisi tumekaa tunangoja. Ottmar amevaa koti lake, amesimama karibu na mlango, hajui atoke au abaki. Mtu mwenye huruma angemwangalia mara moja akageuza macho. Mimi nilikaa vizuri kwenye kiti.

"Nenda ukale, mkurugenzi," nikamwambia. "Soseji zinakungoja. Kule hawaulizi kama umehukumiwa."

Akaivaa kofia yake.

"Ukipita njiani, yafute na yale maandishi kwenye gari langu. Tumia kucha."

"Dada, yatosha," Afra akasema kwa sauti ndogo.

"Haijatosha. Miaka yote Korbinian alimfichia aibu zake, sasa nimfichie mimi? Mtazame, Afra. Mtazame vizuri. Mzee wa miaka sitini, hana nyumba, hana kazi, hana hata kampuni ya kufilisi. Mke hana. Na nani angemtaka? Labda mtu aliyekata tamaa, asiyekuwa na mwingine wa kumfungulia mlango."

Vidole vya karani vikasimama juu ya herufi.

Sikujua kwa nini ameacha kuandika. Nilidhani anamwonea haya Ottmar. Nikageuka nicheke na mdogo wangu.

Afra alikuwa mweupe. Hakuwa analia. Alikuwa amekaa wima kabisa, mikono mapajani, kama msichana wa komunyo ya kwanza, na shingo yake yote ilikuwa na mabaka mekundu. Na mimi, ninayejidai kusoma sheria usiku, nikasoma pale kitu ambacho kila mtu mjini labda alikuwa amekisoma zamani. Kicheko chake cha chumvi. Machozi ya Krismasi. Kadi yenye jina lake.

"Afra," nikasema. "Sikuwa na maana..."

"Mkataba uko tayari," akasema Bi Hufnagl.

Na akaanza kusoma.

Hakuna anayeruhusiwa kumkatiza notari anaposoma. Nilikaa mle, na sentensi yangu ya msamaha haijamalizika, huku yule mwanamke akisoma kwa sauti yake ya aina moja: jina la kampuni, mahali ilipo, kazi yake. Safari hii sikuitikia "utuombee". Kengele ya saa sita ililia kanisani, ikalia mpaka ikachoka. Ottmar hakuondoka. Niliona macho yake yakitoka kwangu yakaenda kwa Afra, yakakaa kwa Afra, na kuna kitu kikaanza kuhesabika humo ndani. Namjua. Hivyo ndivyo alivyoitazama karakana yangu siku ya kwanza.

Mkurugenzi alitakiwa kutamka. Nikasimama nikatamka kwamba sijahukumiwa kwa lolote. Sauti ilitoka vizuri. Lakini nilijua kwamba upande wa pili wa meza kulikuwa na mtu aliyekuwa ameshanihukumu.

"Saini hapa," akasema Bi Hufnagl.

Nikasaini.

"Bi Afra Ainmiller. Hapa."

Akamsogezea kalamu. Afra akaishika. Ilibaki saini moja tu. Nyumba ya mama ilikuwa salama, karakana ilikuwa salama, wanawake wangu wanne walikuwa salama. Nilianza kimoyomoyo "Nakushukuru, Bwana".

"Ngoja kidogo, Afra," akasema Ottmar.

Alikuwa amevua kofia. Akatembea juu ya zulia kutoka mlangoni, taratibu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakutazama saa.

"Bwana Reindl," akasema Bi Hufnagl, "huna nafasi katika mkataba huu."

"Najua. Nataka tu mnisikie. Wewe Bi Notari, na wewe bwana karani, muwe mashahidi." Akaweka mkono begani kwa mdogo wangu, mkono bado una sukari ya andazi. "Afra, dada yako anauliza nani ananitaka. Mimi namjua. Nilichelewa kusema, na kuchelewa ndiyo ugonjwa wangu. Naahidi mbele yao: kabla ya Pasaka tutafunga ndoa, kanisani, mchana kweupe. Na kampuni iwe ile ya kwanza, ya watatu, karakana ndani, kama familia."

"Afra, usimsikilize!" Nilisimama hadi kiti kikaanguka. "Anachotaka ni karakana! Hivi huoni?"

"Bwana Reindl, ndoa si kazi ya ofisi hii," akasema Bi Hufnagl. "Bi Ainmiller, saini yako ni ya hiari. Unasaini au husaini?"

Mdogo wangu aliitazama karatasi. Alimtazama Ottmar, na nilimwona anamwona: koti, sukari, hesabu zile machoni, kila kitu. Hakudanganyika hata chembe. Hilo ndilo lililoniogopesha.

Kisha akanigeukia mimi. Akakifunga kifuniko cha kalamu, akailaza juu ya meza, akasimama.

"Basi na mimi naahidi," akasema, na sauti yake haikutetemeka, "na nyote mnisikie. Karatasi ambayo Ottmar hayumo, mkono wangu hautaigusa. Mashine ikifika, waje kwangu. Nyumba waichukue."